Bwawa la Nyuma ya Matete

Langoni kuna ubao wa kijani, umetobolewa na risasi za watoto wa watu,
unasema: ardhi ya umma, karibuni wote.
Ubao hausemi uongo.
Hausemi pia kwamba ukifuata ua wa seng'enge hatua mia nne,
ukavuka tope pale linapokubali uzito wa mtu
(si penginepo; nilipoteza kiatu),
unatokea kwenye bwawa dogo kama uwanja wa shule,
ambako bata kutoka Kanada hushuka kabla ya jua
miguu mbele, kama wanaopiga breki.

Hayo alinijulisha Verlyn Skogstad,
mwaka ule nilioanza kupima ngano ghalani,
mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa na paka.
Hakunielekeza, alinipeleka.
Gizani, tochi imefunikwa kwa kiganja,
nyayo zake zikivunja barafu nyembamba, zangu zikifuata humo humo.
Hakuniapisha. Alinimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akasema:
"Hapa si pangu, kwa hiyo siwezi kukupa.
Ila ukimleta mtu, jua tumemleta wawili."

Misimu sita nilikaa na neno hilo.
Mengine nilijifunza bila kuambiwa:
ukikuta gari langoni, geuza, Dakota ni pana;
ukifika wa pili, kaa mbali, risasi zako zisimnyeshee wa kwanza;
usimpige bata anayezunguka juu ya bata wa mbao wa mwenzio,
huyo ameitwa na mwingine;
okota maganda, hata yasiyo yako;
na ukiulizwa dukani umewapata wapi, jibu: "Majini."

Halafu Dwayne, mume wa dada yangu, akaachishwa kazi kiwandani.
Oktoba nzima alikaa jikoni akitazama mikono yake.
Nikamhurumia. Niseme nini?
Siri ya mtungi aijuaye kata,
nami kata nikaiazimisha.

Jumamosi ya kwanza alicheka, mara ya kwanza tangu Agosti.
Jumamosi ya pili alikwenda bila mimi.
Ya tatu, magari manne langoni, mbwa watano,
redio, na mtu nisiyemjua akikojoa njiani.

Nilikuwa pale pale nilipoona taa za Verlyn zikija,
zile za zamani, jicho moja hafifu kuliko jingine.
Akapunguza mwendo. Akahesabu magari; niliona kidevu kikihesabu.
Akaliona langu.
Akanipungia vile unavyompungia yeyote barabarani,
vidole viwili juu ya usukani,
akageuza.

Ndiyo yote. Hakuna sheria iliyovunjwa.
Askari wa wanyamapori angepita, angekagua leseni, angetutakia heri.
Dwayne alinijibu, na haki ya kujibu alikuwa nayo:
"Kwani baba yake ndiye aliyelichimba?"
Hapana. Lilichimbwa na barafu,
na kabla ya Skogstad yeyote walikuwepo waliolijua kwa jina
ambalo sisi hatukuuliza.
Lakini nimeyapima maneno ya Dwayne kama ninavyopima ngano,
nikaondoa uzito wa lori,
na bado kuna kitu kinabaki kwenye mizani.

Vuli hii nimemkuta kijana langoni, miaka kumi na saba labda,
gari la mama yake, bunduki bado ina karatasi ya bei.
"Samahani, mama. Panafaa wapi?"
Nikamwonyesha mashariki, ukingo wa ziwa kubwa.
Pazuri. Niliwahi kupata watatu pale, sikumdanganya.
Akashukuru mno, akashika njia.
Nikabaki na kahawa ikipoa kwenye kifuniko,
nikizitazama nyayo zake kwenye theluji, zikielekea nilikomtuma,
nisijue kama nimelinda kitu
au nimekificha.